Kwa nini askari wa mwisho wa vita hafanani na yule wa mwanzo

Swali: "Ninachora hadithi ya picha kuhusu askari mmoja wa miguu wa Kijerumani, kuanzia 1939 hadi 1945. Nimekusanya picha nyingi za zamani lakini zinanichanganya. Makoti hayafanani, kofia hazifanani, viatu ndiyo kabisa, hata kwa watu waliosimama kwenye picha moja. Sare sahihi ya vita vile ni ipi? Na je, inabidi nimbadilishie nguo kila mwaka?"

Ndugu msomaji,

Picha zako hazina kosa. Tatizo liko kwenye hilo neno "sahihi". Vita vikidumu miaka sita havibaki na sare moja, na sare mpya ikitoka, ya zamani haichomwi moto. Inavaliwa mpaka ichakae, inatiwa viraka, inarudi bohari, inafuliwa, kisha anapewa kuruta mwingine. Ukimchora askari wako mwaka 1944 akiwa na koti la 1943, kofia ya chuma ya 1940 na viatu alivyopewa mwezi uliopita, utakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ukimvisha vyote vya mwaka mmoja. Kwa hiyo usimbadilishie nguo kila mwaka. Mbadilishie kipande kimoja kimoja, na kila kipande kiwe na sababu yake. Sababu hizo ndizo nitakazozieleza kwa kirefu, maana ukizijua utaweza kuamua mwenyewe hata pale unapokosa picha ya kuigia.

Tuanze na koti. Nimewahi kuyalaza mezani makoti mawili ya jeshi hilo, moja la muundo wa 1936, ambao Ujerumani iliingia nao vitani, na jingine la muundo wa 1943. Ukiwa mbali unaona ukijivu na mifuko minne, basi. Ukisogea karibu, la kwanza lina kola ya kijani kilichokoza, iliyokatwa kwenye kitambaa tofauti na cha koti lenyewe. Kila mfuko una rinda katikati ili upanuke ukijazwa, na kifuniko chake kimekatwa kwa mawimbi yanayokutana kwenye ncha. La pili kola yake ni ya kitambaa kilekile cha mwili. Mifuko ni bapa, haina rinda, na ukingo wa kifuniko umenyooka kama rula. Ukipitisha kidole, sufu ya koti la kwanza ni nzito na imeshikana vizuri. La pili linakwaruza, kwa sababu sufu yake imechanganywa na rayoni, nyuzi zinazotengenezwa kutokana na mbao, pamoja na sufu iliyochambuliwa kutoka nguo kuukuu. Likilowa linalegea, na likikauka halirudi umbo lake.

Sasa kaa kwenye kiti cha fundi cherehani. Kifuniko cha mawimbi kinamtaka azungushe kitambaa chini ya sindano mara kadhaa, apunguze ncha, akigeuze, akipige pasi. Kilichonyooka anakipitisha mara moja, anakata kona, anaendelea na kingine. Rinda nalo linameza kitambaa ambacho hakuna anayekiona. Zidisha hayo kwa mifuko minne, kisha kwa mamilioni ya makoti. Ndiyo maana mabadiliko yalikuja kidogo kidogo: 1940 kola ya kijani iliondoka, 1941 vifungo vya mbele vikawa sita badala ya vitano, 1942 marinda ya mifuko yakafutwa, 1943 vifuniko vikanyooshwa. Mwaka 1944 likaja koti fupi linaloishia kiunoni, lenye mifuko miwili tu ya kifuani, kwa kuiga lile la Waingereza. Hakuna askari aliyekuwa handakini aliyeomba rinda lake liondolewe. Mambo hayo yaliamuliwa kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Wengi huamini kwamba sare hubadilika kwa sababu uwanja wa vita umefundisha jambo fulani. Hilo hutokea, nami nitalifikia. Lakini kadiri vita vinavyorefuka, kauli ya kiwanda inazidi kuwa na nguvu: kuna sufu kiasi gani, ngozi zinatoka wapi, rangi ya kutilia kitambaa ipo au haipo, na mshono mmoja unachukua dakika ngapi. Hata Waingereza, ambao bahari ilikuwa wazi kwao kuliko kwa Wajerumani, walipitia njia hiyohiyo. Koti lao fupi la vita lilianza na vifungo vilivyofichwa na mifuko yenye marinda. Muundo wa 1940 ukaacha vifungo wazi na kuondoa marinda.

Kofia ya chuma ya Kijerumani inasimulia mambo hayohayo. Ya 1935 ukingo wake umekunjwa kuelekea ndani mzunguko mzima, na matundu ya hewa yana vipete vidogo vilivyopachikwa. Kuanzia 1940 matundu yakawa yanatobolewa moja kwa moja kwenye chuma chenyewe. Mwaka 1942 ukingo ukaachwa bila kukunjwa. Wewe unayechora, zingatia hapo: kofia ya awali ina mdomo wa mviringo unaoshika mwanga, ya baadaye inakatika ghafla kama sufuria ambayo haijamaliziwa. Mstari mmoja wa kalamu unatosha kuonyesha kwamba miaka imepita.

Na viatu. Yale mabuti marefu unayoyaona kwenye kila picha ya gwaride la 1939 yalifupishwa shingo mara vita vilipoanza, ili kuokoa ngozi. Baadaye askari wengi zaidi na zaidi wakapewa viatu vifupi vya kamba, na juu yake kitambaa cha turubai cha kufunga kwenye kifundo cha mguu. Mwaka 1944 kundi la askari wa miguu ambalo kila mmoja ana buti refu lingekuwa jambo la kushangaza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo michoro mingi hulipita. Ngozi ilipopungua, zilitafutwa soli za vitu vingine, na soli hizo zilijaribiwa kwa miguu ya watu. Katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, ilijengwa mwaka 1940 njia maalumu yenye sehemu za saruji, kokoto, mchanga na kadhalika. Wafungwa walilazimishwa kuizunguka siku nzima wakiwa wamevaa viatu vya majaribio, hata kilomita 40 kwa siku, na aliyeanguka alipigwa au kuuawa. Sehemu ya magwanda ya jeshi hilo nayo ilishonwa na Wayahudi waliofungiwa kwenye geto la Łódź, nchini Poland. Geto hilo lilimalizwa Agosti 1944, na karibu watu wote waliokuwa wamebaki humo wakapelekwa Auschwitz, kambi ya maangamizi. Mtu anayechora mishono ya sare ile kwa uangalifu kama wako anastahili kujua ni mikono ya nani iliyoishona.

Sasa nije kwenye uwanja wa vita wenyewe. Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na nautumia kwa makusudi kwa kuwa ndani ya miaka miwili tu askari alibadilika asijulikane.

Agosti 1914 Wafaransa waliingia vitani na koti la buluu iliyokoza, suruali nyekundu na kepi ya kitambaa. Walijua kwamba nyekundu ni shabaha. Julai ya mwaka huohuo walikuwa wameshapitisha kitambaa kipya, kilichofumwa kwa kuchanganya nyuzi za buluu, nyeupe na nyekundu ili kipate rangi iliyofifia. Kumbe rangi ya kutilia nyuzi nyekundu, alizarini, ilikuwa ikitoka kwenye viwanda vya Ujerumani. Vita vikaanza, nyuzi nyekundu zikaondolewa, na kilichobaki ni ile buluu nyepesi waliyoiita buluu ya upeo wa macho. Rangi ambayo watu wanaikumbuka kama alama ya askari wa Kifaransa ilipatikana kwa kukosa kitu. Na ilipokuwa ikisubiriwa, askari walipewa suruali za buluu za kazi wazivae juu ya zile nyekundu.

Mwaka 1914 hapakuwa na jeshi lililokuwa limewapa askari wake wa miguu kofia za chuma. Halafu mahandaki yakachimbwa, na mtu aliyesimama handakini kinachobaki juu ni kichwa, huku vipande vya makombora vikinyesha kutoka angani. Mfaransa Auguste-Louis Adrian, ofisa wa ugavi, alianza mapema 1915 na kibakuli cha chuma cha kuvaliwa chini ya kepi. Mwaka huohuo ikatoka kofia kamili inayobeba jina lake. Waingereza wakafuata na ile ya John Brodie, bapa kama sahani iliyofunikwa. Mwanzoni hizo hazikuwa mali ya mtu. Zilikuwa chache, zikabaki mahandakini, na kikosi kilichoingia zamu kilizipokea kutoka kwa kilichotoka. Kwa hiyo mchoro wa askari wa Kiingereza nyuma ya mstari wa mbele mwishoni mwa 1915 akiwa na kofia ya chuma kichwani unahitaji maelezo, ilhali wa katikati ya 1916 hauhitaji.

Wajerumani walianza kutumia yao mapema 1916, kwenye mapigano ya Verdun. Kabla ya hapo walikuwa na ile kofia maarufu ya ngozi yenye mwiba juu, na hapo ndipo kiwanda na uwanja wa vita vilipokutana juu ya kichwa kimoja. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeziba njia za baharini, ngozi kutoka Amerika ya Kusini hazifiki, kwa hiyo kofia ya mwiba tayari ilikuwa ikitengenezwa kwa sufu iliyoshindiliwa na hata kwa bati. Mwiba wenyewe ukafanywa wa kufunguliwa, uondolewe askari akiwa vitani. Kofia ile ilishaanza kufa kiwandani kabla ya makombora kuimaliza.

Gesi nayo ilibadilisha umbo la askari mzima. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungulia mitungi ya klorini. Kinga za kwanza zilikuwa vitambaa na pamba vya kufunga puani na mdomoni. Zikafuata kofia za kitambaa kilicholowekwa dawa, zinazofunika kichwa chote na kuingizwa ndani ya kola. Mwaka 1916 Waingereza wakapata barakoa yenye mpira wa kuvutia hewa kutoka kwenye mkebe wa chujio, ikibebwa kwenye mfuko. Karibu na adui mfuko huo ulikaa kifuani, wazi, tayari. Tangu hapo askari wa Kiingereza kwenye picha ana kifua kinene cha mraba, na hilo peke yake linakupa kipindi. Wajerumani walipoishiwa mpira, mwaka 1917 wakatoa barakoa ya ngozi.

Upungufu ulifika mbali zaidi pale ambapo hapakuwa na kiwanda kabisa. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani pwani ilizingirwa, na jeshi la kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, likaishi kwa pamba iliyosokotwa na kufumwa humohumo nchini, ikatiwa rangi ya hudhurungi iliyotokana na mti wa ndaa, rangi iliyokubaliana vizuri na majani makavu. Viatu vilitengenezwa kwa ngozi za wanyama. Novemba 1917 jeshi hilo lilivuka Ruvuma, likaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano na kuchukua silaha na mavazi yaliyokuwamo. Jeshi lililotengwa na bohari zake hugeuza bohari ya adui kuwa yake, na baada ya hapo mtu anayetazama rangi ya nguo pekee hawezi kujua nani ni wa upande gani.

Kuna nguvu ya tatu, ambayo haiandikwi kwenye amri yoyote: mikono ya askari mwenyewe. Kwenye tope la 1916 na 1917 walikata pindo za makoti marefu kwa kisu, kwa sababu koti likilowa tope linageuka mzigo wa kilo nyingi. Maofisa wa Uingereza waliingia vitani vyeo vyao vikiwa vimeshonwa mwishoni mwa mikono ya koti, vinang'aa, na walenga shabaha wakawachagua mmoja mmoja. Wengi wakavihamishia mabegani. Katika vita vya hadithi yako, Wajerumani walikuwa mbele ya Moscow majira ya baridi ya 1941 bila nguo za baridi za kutosha, hadi Desemba serikali yao ikawaomba raia watoe manyoya na sufu. Askari walijaza magazeti na majani makavu ndani ya nguo. Walivua mabuti ya sufu iliyoshindiliwa kutoka kwenye miguu ya maiti za Warusi, maana buti la Kijerumani lililomkaa mtu barabara kwenye gwaride, lenye misumari ya chuma kwenye soli, lilipitisha baridi moja kwa moja hadi kwenye nyayo. Baridi iliyofuata wakaanza kupata koti na suruali zenye pamba ndani, za kugeuza, upande mmoja mweupe kwa ajili ya theluji. Askari wako akipita baridi hizo mbili, mchore kama watu wawili tofauti: wa kwanza mwembamba, amejifunga vitambaa visivyolingana, mabega yamepanda juu, wa pili mnene, ametulia ndani ya nguo yake.

Siasa nayo huingia. Ikiwa kwenye hadithi yako watatokea askari wa Kisovieti, kumbuka Januari 1943. Amri ya mwezi huo ilirudisha alama za vyeo mabegani, jambo lililokuwa limefutwa tangu mapinduzi ya 1917, na kola ya shati ikabadilishwa kutoka ya kulala hadi ya kusimama. Lakini mashati ya kola ya kulala yalikuwa mengi mno kutupwa, kwa hiyo yalishonewa alama mpya mabegani yakaendelea kuvaliwa. Shati la namna hiyo, la kizamani kola na jipya mabega, ni zuri sana kwa mchoraji kwa sababu linabeba vipindi viwili kwa pamoja.

Usifikiri pia kwamba kila vita virefu humalizia kwa matambara. Marekani ilikwenda kinyume. Iliingia vitani na koti fupi jepesi na vitambaa vya turubai vya kufunga miguuni ambavyo askari walichukia kuvifunga, ikamaliza ikiwa na koti la 1943, la pamba iliyofumwa kwa kubana, lenye mifuko minne mikubwa, linalovaliwa juu ya tabaka za sufu, na buti lenye shingo ya ngozi na bizimu mbili. Koti hilo lilijaribiwa vitani huko Anzio, Italia, mwaka 1944, na likapendwa. Hata hivyo askari wengi walioingia baridi ya mwaka huo kaskazini mwa Ulaya hawakuwa nalo, wala hawakuwa na viatu vya kuhimili maji, na miguu ya maelfu ikaoza kwa baridi na unyevu. Kitu kizuri kilikuwepo. Hakikuwa kimefika. Miaka ishirini baadaye, huko Vietnam, koti la Kimarekani la msituni lilianza na vifungo vilivyo nje, vikanasa kila mahali, muundo uliofuata ukavifunika, na uliofuata huo ukaondoa tepe za mabegani zisizo na kazi. Hapo kweli askari alisikilizwa.

Sasa kazi yako. Niliwahi kuweka tarehe ya 1940 kwenye picha ya kundi la askari kwa sababu wawili walikuwa na kola za kijani zilizokoza, nikaridhika. Mwenzangu akanionyesha mtu wa tatu kutoka kulia, aliyekaa nyuma, mifuko yake haikuwa na marinda. Picha haikuweza kuwa kabla ya 1942. Tangu siku hiyo natafuta kwanza kitu kipya kuliko vyote kwenye picha, kwa sababu cha zamani kinaweza kuishi hadi mwisho, ila kipya hakiwezi kuwepo kabla hakijatengenezwa. Fanya hivyo kwa picha zako zote, na zile zinazokuchanganya zitaanza kupangika zenyewe.

Kwa askari wako ningefanya hivi. Mwaka 1939 mpe kila kitu cha muundo wa kabla ya vita, kimemkaa. Mwaka 1941 mwache na koti lilelile, kola imepauka jua, kiwiko kina kiraka. Baada ya baridi ya kwanza mpe suruali ngeni. Mwaka 1943 ajeruhiwe, alazwe, na akitoka hospitali apewe koti la mifuko bapa, kwa kuwa nguo za majeruhi hukatwa kwa mkasi. Hapo hadithi yenyewe inakupa sababu ya kumbadilisha. Kofia ya chuma abaki nayo, rangi imechubuka, waya au kipande cha mpira kimezungushwa cha kuchomekea majani. Wale vijana wanaoletwa kujaza nafasi mwaka 1944 ndio uwavishe koti fupi na viatu vya kamba, wasimame karibu naye wakionekana kama wa jeshi jingine.

Na usiusahau mkebe wa barakoa ya gesi, ule wa bati, wa duara, wenye mifereji ubavuni, unaoning'inia mgongoni kwa mkanda. Askari alitakiwa awe nao, hivyo unaweza kuuchora kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kuubadilisha hata mstari mmoja. Gesi haikutumika kwenye mapigano aliyopitia. Mwaka 1939 aufungue kwa ukaguzi, barakoa imekunjwa vizuri ndani. Mwaka 1945 aufungue tena, atoe soksi kavu, kipande cha mkate na barua za nyumbani.